Machozi ya Awowe Hayamo Kitabuni

Mtu akianza kusoma mbele yangu maisha ya awowe, siwezi kukaa. Nitatafuta sababu ya kusimama: birika linafoka, simu inalia, nguo ziko kambani na vumbi linakuja. Mume wangu hunicheka, eti nimekalia siafu. Hajui. Nikibaki pale mpaka ukurasa ule ufike nitamrukia msomaji, na kwetu mwanamke wa nyumba ya Sheikh haruki watu.

Awowe ni babu kwa Kisomali. Huyu wangu, baba yake mama, ndiye aliyeanzisha jumuiya yetu ya dhikri. Alikuwa mtu wa namna gani? Sijui, wallahi, alikufa kabla sijazaliwa. Ninachojua ni kwamba alishuka kutoka upande wa Buna akiwa kijana, vitabu vyake amevifunga kwenye ngozi ya mbuzi, akafika huku chini Ijara wakati ukame umewamaliza watu. Akawakusanya waliobaki bila ngamia wala ng'ombe, wengine wamekanwa hata na jamaa zao, akawakalisha mahali pamoja na kuwafundisha kusoma. Akawaambia kila Alhamisi jioni wamtaje Mungu kwa sauti moja, mwenye mali na asiye nayo bega kwa bega. Leo wafuasi wake wako Mandera, Wajir, Garissa mpaka Nairobi, na kila mwaka hukutana kwenye kaburi lake, mbele kidogo ya Sangailu, kwa ziara.

Na kwenye ziara maisha yake husomwa kwa sauti. Kinachosomwa pale ndicho kilichotokea. Mengine yote ni maneno ya jikoni.

Kitabu kinachosomwa kiliandikwa kwa Kiarabu na mmoja wa wanafunzi wake, Mungu amrehemu, mtu mwema sana na mwongo wa kutisha. Humo awowe halali. Hali chochote ila tende na maziwa. Fisi humsindikiza njiani wakiwa wameinamisha vichwa. Anapiga fimbo kwenye mchanga wa mto mkavu na maji yanatoka matamu. Sina ugomvi na fisi, mwacheni na fisi wake. Ugomvi wangu ni mstari mmoja tu. Unasema kwamba Sheikh alikuwa akitoa darsa, akaletewa habari kuwa mwanawe wa kiume amefariki, akatamka maneno ya subira, na hakuondoa kidole chake kwenye mstari aliokuwa akiusoma mpaka darsa likaisha.

Ukizaliwa katika jumuiya yetu utausikia mstari ule kabla hujaota meno. Huletwa kwenye kila msiba pamoja na mchele na sukari. Mtu amefiwa, anataka kupasuka, na tayari kuna mkono begani na sauti inamwambia: Sheikh hakuondoa kidole.

Mimi nililetewa. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, alifia hospitali pale Garissa kabla sijamaliza arubaini yangu. Tulikuwa tumeshamchinjia, tumeshampa jina. Wanawake wakajaa nyumbani, na kila aliyeingia alinipa kidole kile cha Sheikh. Mjukuu wake mwenyewe angethubutu vipi kupiga ukelele? Nikafunga kanga kichwani, nikainuka, nikaanza kuwamiminia wageni chai. Katika matanga ya mwanangu mimi nilikuwa mhudumu. Walinisifu! Damu ya Sheikh, wakasema, mwaiona?

Mama akanivuta mkono, akaniingiza stoo, katikati ya magunia ya mchele na mitungi ya maji, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Lia, hooyo," akaniambia. Hooyo ni mama, na kwetu mama humwita mwanawe kwa neno lilelile analoitwa yeye. "Lia. Baba yangu alilia."

"Kitabu kinasema—"

"Kitabu kilikuwepo? Mimi nilikuwepo."

Sikuweza kulia. Koo lilikuwa limeshafunga. Lakini nilimsikiliza, na tangu siku ile sijawahi kukaa nikatulia mstari ule unaposomwa.

Alichonieleza ni hiki. Aliyekufa hakuwa mvulana. Alikuwa msichana, pacha wake mama yangu. Surua ilipita kwenye makazi yale ikachukua watoto wengi, ikamchukua na yeye, na mama yangu, aliyekuwa amepona siku chache tu, uso ukiwa bado una mabaka, ndiye aliyetumwa kwenda kumwambia baba. Alimkuta ndani ya ua wa miiba anafundisha. Akamwambia. Na yule mtu mzito, aliyeogopwa na wazee wenye mvi, aliinuka akaacha kitabu wazi kwenye mchanga, akaacha na viatu, akatoka nje ya ua akikimbia. Mama anasema hakuwa amewahi kumwona baba yake akikimbia. Aliingia kibandani, akalala chini pembeni ya yule mtoto, akalia kwa sauti kubwa mpaka mbuzi wakaanza kulia nao. Magharibi ikaingia, wakamwita aswalishe. Hakutoka. Ikaswalishwa bila yeye. Siku kadhaa hakufundisha mtu, hakuonana na mtu, alikaa na mama yangu mapajani kwake akimpaka mafuta kwenye yale mabaka.

"Alinishika kama ninaweza kumwagika," mama akasema.

Ndivyo alivyonieleza, tumesimama kwenye magunia. Nilikasirika, nikakasirika kweli. Nilikuwa nimenyimwa babu. Nilipewa mtu wa jiwe, na kumbe nilikuwa na babu aliyelala chini akamlilia binti yake!

Basi nikaanza kumtafuta. Mimi ni kiguu na njia hata bila sababu, sembuse nikiwa nayo. Nilisoma kila kilichoandikwa juu yake, nikauliza kila mzee aliyekubali kuulizwa, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kila mwandishi alikuwa amejichora mwenyewe, kisha akamvika awowe ile sura. Yule mwanafunzi aliyeandika kwa Kiarabu, mama anasema, alikuwa mtu wa usingizi. Alisinzia hata katikati ya sala, wenzake wakawa wanamfinya. Ndiyo maana Sheikh wake halali kamwe, maskini. Alitamani.

Kisha kuna vijikaratasi. Hivyo hugawiwa nje ya baadhi ya misikiti siku za Ijumaa na vijana wenye suruali fupi ambao hawatupendi. Humo awowe ni mchawi aliyekula ngamia wa wajinga na kujifanya ana mlango wa Peponi. Nimevisoma vyote. Aliyeviandika anataja nyama kila baada ya mistari miwili. Nadhani alikuwa na njaa.

Na mtafiti. Alikuja kutoka chuo kikuu, kijana mpole, mstaarabu, aliyewahi kufanya kazi na shirika moja kule Dadaab, akajifunza Kisomali cha kuombea maji. Alikaa na mama siku nzima. Alimuuliza visima vilikuwa vya nani, koo zipi zilipakana, Sheikh alikutana na nani kabla ya mvua na baada ya mvua. Mama alijibu yote, kwa sababu alikuwa anangoja zamu yake ya kusema. Zamu ilipofika akamweleza habari ya pacha wake. Yule kijana alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, kisha akazima kinasa sauti ili asimalize betri. Mama alimwona. Akammiminia chai nyingine. Baadaye nilikisoma kitabu alichoandika. Awowe humo ni mtu wa mikakati. Anakalia vikao, anapanga malisho, anapima nguvu. Hana hata mtoto mmoja.

Ilinikera, lakini haikunishangaza. Kilichonishangaza ni mimi. Wazee wa jumuiya waliamua maisha ya Sheikh yaandikwe kwa Kiswahili, maana vijana wetu Kiarabu hawakijui, na ndugu zetu wa upande wa mto, waliojiunga nasi zamani, hawajui Kisomali. Nani ataandika? Mwalimu wa Kiswahili, mjukuu. Nikakubali mbio mbio, nikaanza, na nilipofika katikati nikasoma nilichoandika nikaona, loo! Nimemwandika mwalimu wa sekondari. Anasahihisha, anaulizwa maswali, anawakemea wachelewaji. Chaki tu ndiyo iliyokosekana. Nilichana kurasa nikatembea mpaka darajani, nikasimama nikiutazama Mto Tana unavyopita na matope yake, nikajisemea: hata wewe?

Nilirudi nikamuuliza mama. Nikaandika alichosema na nikaacha nisichokijua. Ilinichukua muda mrefu. Nilipofika kwenye ukurasa ule niliandika kama alivyonieleza stoo, pacha, surua, viatu vilivyoachwa, mbuzi, magharibi. Sikuongeza hata neno. Nilimsomea akiwa amelala, maana siku hizo alikuwa ameanza kuvimba miguu na pumzi inamkatika akifika tu mlangoni.

"Daktari anasemaje?" aliniuliza nilipomaliza, kama kwamba hakuwa amesikia nilichosoma.

"Anasema moyo umechoka."

"Lazima uchoke." Akajivuta juu ya mto. "Hooyo, kwenye kitabu kile mimi nimo. Kaka zangu wamo. Mama yangu ametajwa. Fisi wamo! Yeye tu hayumo, na siku ya kufa kwake amepewa mvulana asiyekuwepo. Nikifa mimi hakuna atakayejua kwamba alizaliwa. Nataka nisikie mara moja tu, mbele za watu, mtu aseme alikuwepo na baba alimlilia. Nikishasikia hilo mnifukie."

 Niliinuka nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Wazee wakakutana nyumbani kwa abti. Abti ni mjomba. Huyu ni kaka yake mama kwa baba, mkubwa wake, na ndiye khalifa wa jumuiya tangu awowe alipofariki. Alisoma Lamu ujanani na Kiswahili chake ni kitamu, ila herufi p imemgomea maisha yake yote. Nampenda sana. Nilipokuwa mdogo alikuwa akinifichia halua ndani ya kilemba.

Walikuwa wameshasoma. Kurasa zangu zilikuwa mkekani, mbele ya chai ya maziwa ya ngamia, na moja ilikuwa imewekwa peke yake pembeni. Nikajua ni ipi kabla sijaketi.

"Abti," akaniambia, kwa maana mjomba naye humwita mpwawe vilevile, "umeandika vizuri. Lakini hapa umemvua Sheikh kilemba mbele za watu."

"Nimeandika alilia."

"Umeandika aliacha darsa. Umeandika hakuswalisha magharibi."

"Siyo kweli?"

Hakusema siyo kweli. Alikunywa chai. Mzee mmoja akaingilia, akasema wale wenye vijikaratasi wakiipata hii watacheza nayo ngoma: walii wa Mungu anashindwa na msiba kama mwanamke!

"Mtume alimlilia mwanawe," nikasema. "Mtoto yeyote wa madrasa atakwambia. Mtume alie, awowe ni nani asilie?"

"Mtume ana dunia nzima ya kumtetea," abti akajibu taratibu. "Baba yetu ana sisi tu, wazee hawa unaowaona. Nikiuacha mlango wazi, nani ataufunga nikishakufa?"

Jibu lile lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la upendo. Lakini mimi nikishawaka siwezi kuzimwa. Nikauliza, je, na huyu mvulana? Katoka wapi? Andikeni basi msichana, machozi myaache. Mzee mwingine akasema mwana ni mwana. Nikamwambia kama mwana ni mwana, basi msichana akae, mnaogopa nini? Wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema huyu ni mamake mtupu.

"Abti, sikia," khalifa akasema. "Watu wangapi wamesimama kwenye msiba kwa nguvu ya mstari ule? Unajua wewe?"

"Najua mmoja ambaye haukumsimamisha," nikasema. "Nilizika mwanangu sikutoa chozi, kwa sababu yenu. Mpaka leo liko hapa." Nikajipiga kifuani kwa ngumi, mbele ya wanaume, na sikuona haya. "Mwenye kovu usidhani kapoa, abti."

Aliinamisha uso. Nilidhani nimeshinda. Kisha akauchukua ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni mwa kanzu, akasema mahali pale patabaki kama palivyo katika kitabu cha zamani. Nikawaambia basi jina langu lisiwekwe juu yake. Nikatoka bila kumaliza chai, jambo ambalo kwetu ni tusi.

Nilifika nyumbani nikawa nazunguka. Nafagia palipofagiliwa.

"Wamekataa," mama akasema kutoka kitandani. Hakuuliza.

"Wamekataa."

"Haya. Tutaenda ziara."

"Hooyo, daktari amekataza barabara ile. Mashimo yale, na joto hili!"

"Nikifia njiani, si ndiko mtakakonizika?" akasema, akacheka mpaka pumzi ikamkatika nikamwinua kwa mito.

Tukaenda. Tulikodi Land Cruiser, tukamlaza kiti cha nyuma juu ya magodoro, na njia nzima nilikuwa nimegeuka nyuma namwangalia kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa motoni. Tulifika kabla jua halijawa kali. Watu walikuwa wengi kuliko miaka yote. Mahema, ngamia wa kuchinjwa, malori ya maji, vijana wanapiga picha za simu kaburini wakifukuzwa wanarudi. Upande wa wanawake ulikuwa umetengwa kwa pazia refu la kitambaa cha kijani. Tulimkalisha mama mbele kabisa, ameegemea mto, karibu na wanawake wanaoimba sifa za Mtume. Wao walikuwa na kipaza sauti chao. Waliimba, wakamaliza, wakakilaza mkekani bila kukizima.

Ng'ambo ya pazia abti akaanza kusoma kitabu kipya cha Kiswahili. Mimi ndiye niliyekiandika, ila palipobadilishwa na wazee, na sikuweza kukaa. Nilisimama nyuma ya mama, nikaketi, nikasimama tena. Alisoma safari ya kutoka Buna, watu wakasema Allahu Akbar. Akasoma fisi, ambao wazee walikuwa wamewarudisha. Akasoma maji, na kila "pale" ikawa "bale", na kila alipomaliza ukurasa aliutafsiri kwa Kisomali. Nilihesabu kurasa kichwani. Nikaona mama amejikaza, amekaa wima bila mto.

"Akaletewa habari," abti akasoma, "kwamba mwanawe wa kiume amefariki. Wala hakuondoa kidole chake kwenye mstari—"

Mama akapiga kofi.

Inabidi nieleze kofi lile kwa asiyelijua. Imamu akikosea katika sala, wanaume walio nyuma yake husema Subhanallah kwa sauti, na yeye hurekebisha. Mwanamke hatoi sauti. Hupiga vidole vya mkono mmoja kwenye mgongo wa mkono mwingine, mara moja, na imamu anajua kuna kosa. Tunafundishwa tukiwa watoto, na imamu anayelisikia kofi lile husimama kabla hajafikiri. Miguu yake yenyewe inajua.

Hatukuwa kwenye sala. Lakini kofi lilipita kwenye kipaza sauti kilicholazwa mkekani, likatoka kwenye spika zote za uwanja kama ubao uliovunjika, na abti, aliyeswalisha watu maisha yake yote, akanyamaza palepale. Wanaume wawili watatu wakasema Subhanallah, kumsaidia. Nikamsikia akirudi nyuma, kama imamu yeyote anavyofanya, akaanza tena kwa makini zaidi, akidhani amekosea neno.

"Akaletewa habari, kwamba mwanawe wa kiume—"

Mama akapiga la pili.

 Mtoto alilia mahali akanyamazishwa. Wanawake wote walikuwa wanamtazama mama, wengine wameshika mdomo.  Nilitaka kumzuia na nilitaka kumsukuma, vyote kwa pamoja.

"Waa ayo?" abti akauliza kwenye spika. Ni nani?

Mama alinyoosha mkono akakichukua kipaza sauti. Nikaushika mkono wake kwa chini.

"Ni mimi, walaal," akasema kwa Kisomali, yaani ndugu yangu. "Hakuwa wa kiume. Alikuwa dada yako." Na akalitaja jina la pacha wake.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Ila walilisikia wote, wake kwa waume, na ukitaja jina la maiti mbele ya watu wetu kuna jibu moja tu, halingoji ruhusa ya kamati. Uwanja mzima ukaitika: Allaha u naxariisto. Mungu amrehemu. Hawakujua wanamwombea nani. Mamia ya sauti za wanaume kwa mara moja, kwa msichana ambaye hakuna aliyewahi kumwombea hadharani. Mama akafumba macho kana kwamba amemwagiwa maji ya baridi.

 Spika zilikuwa zinavuma tu. Kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Ni kweli," akasema. "Alikuwa msichana. Baba aliacha viatu. Nilikuwa mvulana, nikasukumwa mbele nikaswalisha magharibi mimi, kwa sababu yeye hakuweza kusimama. Nilisahau Alhamdu katikati, kwa kumsikia anavyolia." Akamalizia kwa Kisomali. "Waan joogay. Nilikuwepo."

Wazee walikuwa pale pembeni yake, hakuna aliyethubutu kukohoa.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mwanamke aliyekaa kulia kwa mama, mnene, muuza maziwa wa Garissa ninayemjua kwa sura tu, alikichukua kipaza sauti mkononi mwa mama bila kuomba. Akataja jina. Mwanangu wa kike, akasema, alikunywa maji mabaya wakati wa mafuriko. Uwanja ukaitika, Mungu amrehemu. Akampa wa pembeni yake. Jina. Mungu amrehemu. Bibi kizee akataja matatu mfululizo, na baada ya kila moja akangoja aitikiwe, na akaitikiwa.

Nilidhani abti atazima. Alikuwa na haki, kitabu kilikuwa nusu, ngamia walikuwa wanangoja kuchinjwa. Kila kipaza sauti kilipotulia nilimsikia anauliza kwa sauti ndogo, "Kuna mwingine?"

Kikaenda mkono kwa mkono mpaka nyuma, kikarudi mbele, kikafika kwangu. Mama aligeuka akanitazama. Nikaketi chini. Nikalitaja jina la mwanangu, na koo likafunguka kabla hawajamaliza kuitikia.